Nilivyosingiziwa Ubudha

Mimi nikiona viatu vimepangwa mlangoni, navua vyangu. Sijiulizi. Ndivyo nilivyolelewa Unguja, na miaka yote niliyoishi London haikuniondolea tabia hiyo. Wenyeji wa hapa wana mengi ya kujivunia, lakini huingia mpaka sebuleni na viatu walivyokanyagia kila uchafu wa barabarani, kisha wanakukaribisha chai. Kwa hiyo siku niliyofika nyumba ile ya Wabudha kwa mara ya kwanza, nikakuta viatu jozi kwa jozi nje ya chumba cha chini, moyo wangu ulifurahi. Nikasema alhamdulillahi, kumbe waungwana wamo mji huu. Nikavua, nikainamisha kichwa kwa salamu, nikafuata watu.

Hapo ndipo ilipoanza balaa iliyokaribia kumkosesha binti yangu mume.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Kwetu nilikuwa mwalimu wa historia. London nikawa mlinzi wa jengo la ofisi, nimekaa nyuma ya meza nikiwaambia watu wasaini kitabu. Watu wa pwani walioko huku wote wananiita Maalim, hata wale niliowasainisha. Mke wangu naye huniita Maalim, ila kwa namna ambayo cheo hicho hugeuka kuwa lawama. Nilipostaafu nikakaa nyumbani. Nilikuwa na kiti changu karibu na dirisha, na sikuona kwa nini niondoke.

Mke wangu alivumilia kwa muda, kisha siku moja akaja na tangazo alilolibandua kwenye ubao wa maktaba ya mtaani kwetu, Lewisham. Alilibandua kabisa, asije mwingine akaliona.

"Wanatafuta watu wa kujitolea," akasema. "Watu wanaoweza kusoma mwandiko wa zamani wa Kiingereza. Wewe si ulipigwa bakora skuli kwa ajili ya mwandiko huo? Basi nenda kale matunda yake."

"Kwani nimekukosea nini?"

"Mwanamume hakai ndani kama mto wa kochi, Maalim. Nenda."

Nilijua amenichoka. Nikanuna, nikavaa koti na kofia yangu ya viua, ile iliyodariziwa kwa mkono, nikaenda.

Nyumba yenyewe iko katikati ya mji, ndefu na nyembamba, ya matofali yaliyosawijika kwa moshi wa zamani. Ni ya chama cha Waingereza wanaofuata mafunzo ya Budha. Orofa ya juu kabisa, chini ya paa, wamehifadhi barua na karatasi za Wazungu wa mwanzo walioisoma dini hiyo: mahakimu na makarani waliopelekwa Sri Lanka na Burma kwenda kutawala watu, wakarudi makwao wanatafsiri vitabu vya wale waliowatawala. Chini kuna chumba cha kukaa kimya. Kina mito ya kukalia, sanamu ya Budha ya rangi ya dhahabu, na dirisha kubwa linalotazama barabara. Pazia hawana. Nadhani wanaona watu wasio na la kuficha hawana haja ya pazia. Wangeniuliza mimi, ningewashauri wanunue.

Siku ile ya kwanza sikujua la juu wala la chini. Nilivua viatu, nikaonyeshwa mto, nikakunja miguu kama tulivyokuwa tukikaa chuoni tukisoma Kurani. Watu wote kimya. Nikadhani tunamngoja mwenyekiti. Chumba kilikuwa na joto zuri, mto laini, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye treni niliyosimama njia nzima. Nikafumba macho kidogo tu. Nilipozinduka kengele ndogo inalia, na mzee mmoja wa Kiingereza mwenye nywele nyeupe alizozifunga kisogoni akanijia kwa heshima kubwa. Akaniambia ni nadra kumwona mgeni akatulia kiasi kile siku yake ya kwanza. Sikumwambia kuwa nilikuwa nimelala fofofo.

Mtunza nyaraka alikuja kunitoa huko. Ni mwanamke wa Kiingereza, mrefu, umri wa binti yangu, na hunong'ona hata akiwa barabarani. Alikuwa akinisubiri juu. Akanipandisha ngazi, akanisomea masharti ya kazi. Kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Mikono ioshwe. Kila pini yenye kutu ing'olewe taratibu, karatasi isichanike. Na kitabu cha zamani hakilazwi mezani hivihivi, kinawekewa mto. Nikatazama kitabu kimelazwa juu ya mto kama bibi harusi, nikatazama kiti cha mbao nilichopewa mimi, nikafahamu daraja yangu.

Lakini barua zile! Sikutaraji zinipendeze, nasema kweli. Nilitaraji hekima na mawaidha. Nilichokikuta ni ugomvi.

Walikuwako mabwana wawili, wote wataalamu wa Kipali, lugha ya vitabu vyao vya dini. Mmoja alikuwa hakimu mstaafu, mwingine mtunzi wa kamusi. Hakimu alimwazima mwenzake kitabu. Basi, uhasama wa duniani wote umetoka hapo. Barua za mwanzo zinaanza kwa "Bwana, rafiki yangu mpendwa". Baadaye mapenzi yanaondoka, urafiki unabaki. Kisha urafiki nao unaondoka, anabaki "Bwana" peke yake, amesimama kama mtu aliyefungiwa nje. Kinachochekesha ni kwamba kila barua ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza wanajadiliana vipi Budha alivyofundisha kuwa mateso yote ya binadamu hutokana na kung'ang'ania vitu. Ya pili, nirudishie kitabu changu. Hawakuona tatizo lolote. Nilicheka peke yangu mpaka mtunza nyaraka akaja kuuliza kama nimepaliwa.

Na kulikuwa na mtawa mmoja wa Sri Lanka, ndiye aliyewafundisha wote wawili. Huyu nilimpenda. Aliwaandikia Kiingereza kizuri chenye adabu, akawajibu maswali yao yote, na mwisho wa kila barua akaomba kitu kimoja: miwani, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanakwisha kwa kuwasomea. Wao wanamjibu kwa maswali mengine ya sarufi. Anajibu sarufi, anaomba miwani. Nilikasirika kama vile mtawa huyo ni shangazi yangu. Nikitoka kazini nikirudi nyumbani namwambia mke wangu, "Hawajampelekea bado!" Naye kijiko mkononi ananiuliza, "Hata leo?" Hatimaye walimpelekea. Akaandika kushukuru, na akasema kwa upole kwamba huenda miwani ile ilitengenezwa kwa mtu mwenye kichwa kidogo zaidi. Siku hiyo mke wangu alicheka akaunguza vitunguu.

Mchana nilikuwa na utaratibu wangu. Nakula chakula changu nje kwenye kibaraza, maana samaki wa kukaanga hawaelewani na karatasi kuukuu. Napanda kuswali adhuhuri kwenye pembe aliyonisafishia mtunza nyaraka. Kibla alikitafuta mwenyewe kwa simu yake, akanong'ona kuwa ni upande wa kabati la ramani. Kisha nashuka chini, navua viatu, naingia chumba cha kimya, nalala. Mchana ndio wakati wao wa kukaa, na hakuna mahali London nzima pa kulala mchana bila kuulizwa. Nia yangu ilikuwa wazi, na amali huhesabiwa kwa nia. Wao wanatafuta utulivu wa nafsi, mimi natafuta lepe la usingizi. Hatukugombana.

Mambo yakawa hivyo mpaka ikaja habari ya posa.

Binti yangu ni mfamasia wa hospitali. Kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, akichanganya kidogo akitaka kitu. Alikuwa amekwisha kukataa watu wengi hata mama yake akaanza kuwakumbuka kwa majina kwenye dua, labda mmoja arudi. Kisha akampata kijana mhandisi wa reli, wazazi wake watu wa Mombasa wanaokaa Ilford. Nilimwona binti yangu akiimba huku anaosha vyombo. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kuosha chombo bila kulalamika. Nikajua hili si jambo la mchezo. Akija akilikosa, itamuuma mno.

Wazee wa kijana wakaleta salamu kwamba watakuja. Tukangoja. Kimya. Tukangoja tena. Kijana mwenyewe alipoulizwa, akawa anababaika.

"Baba," binti yangu akaniambia, "something's wrong. Wamebadilika tu ghafla."

Mimi najua desturi. Kabla ya posa watu huulizia. Wanatuma mtu asiyejulikana, anauliza msikitini, anauliza dukani, anatazama baba wa msichana anakwenda wapi na anakaa na nani. Sikuwa na wasiwasi. Nikipekuliwa mimi, kitu kibaya kabisa kitakachopatikana ni kwamba nalala mapema.

Habari ikamfikia mke wangu kwa simu, kupitia kwa mwanamke wa kanisani jirani na kazini kwake ambaye dada yake hununua mihogo duka moja na mama wa kijana. Kwenye mambo haya dini haizuii. Mke wangu alisikiliza, akakata simu, akaja kusimama mbele yangu.

"Maalim, wewe unaabudu sanamu?"

"Astaghfirullah! Nani kasema?"

"Umeonekana. Ami yake kijana kakuona kwa macho yake, dirishani. Umekaa kwenye mto, miguu umeikunja, macho umefumba, na lile sanamu liko mbele yako. Viatu umevua. Na kofia kichwani, Maalim! Angalau ungevua kofia, wangesema wamekufananisha!"

Nikamweleza kuwa nilikuwa nimelala.

"Mtu ana kitanda chake, mto wake na mke wake, anapanda treni mpaka katikati ya mji kwenda kulala mbele ya sanamu?"

Kwa namna alivyoliweka yeye, hata mimi sikuamini.

Binti yangu alitoka chumbani akaketi karibu nami. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Baba, just tell me the truth. Kama umebadili dini it's okay, kweli. I just need to know nimwambie nini." Alikuwa tayari kunistahi, maskini, na machozi yanamlengalenga. Nikaapa. Akaniamini, lakini kuaminiwa na binti yako hakutoshi kwenye posa.

Mke wangu ndiye aliyewaita. Alipeleka ujumbe kuwa wazee waje wanywe chai, waulize wenyewe walitakalo. Akakaanga kachori, akapika visheti, akanunua halua, na katika kupika kote huko hakusema nami isipokuwa kuniamuru nihame, maana nimesimama mbele ya kabati.

Wakaja watatu. Baba wa kijana ni mtu mnene, mpole, aliyekuwa dereva wa basi, na bado huzungumza kama anayehofia kuwashtua abiria. Wa pili alikuwa jamaa yao aliyekuja kula, na alikula. Wa tatu ndiye ami, mdogo wake baba: mwembamba, miwani ming'avu, aina ya mtu anayekuuliza swali akiwa na jibu lake mfukoni. Akakaa kwenye kiti changu cha dirishani. Wanawake walikuwa jikoni, na mlango wa jiko ulikuwa wazi kiasi cha sikio.

"Maalim," akaanza baba wa kijana, "sisi twakuheshimu. Lakini twasikia una kazi kwa watu wa Budha."

"Ninasoma barua zao," nikasema. "Natoa pini, nasoma, naandika barua hii inahusu nini. Basi."

"Nami nilikuona wasoma," akasema ami. "Wasoma macho yamefumbwa."

Jamaa aliyekuja kula akapaliwa na kachori.

"Nilikuwa nimelala, Sheikh."

"Umeketi wima?"

"Nimekuwa mlinzi miaka mingi. Hiyo ndiyo elimu niliyoipata London, kulala nimeketi wima. Mwajiri wangu mwenyewe hakuwahi kujua."

Baba wa kijana alitabasamu ndani ya kikombe. Madereva wa basi wanajua mambo ya usingizi. Ami hakutabasamu. Akasema kuwa mtu hawezi kukaa na moshi asinuke moshi. Leo ni barua, kesho ni mafunzo, keshokutwa mtu amenyoa kichwa. Hapo nikapandwa na hasira yangu ya ualimu.

"Sikiliza, Sheikh. Mimi nasoma barua za wataalamu wakubwa wa dini hiyo. Watu waliotunga kamusi zake! Wameisoma tangu ujana mpaka uzee. Dini yenyewe yawaambia waache kung'ang'ania vitu vya dunia, nao wamegombania kitabu kimoja mpaka wakazikwa. Hasira haikuwapungua hata kijiko. Kama haikuwageuza wao walioila, itanigeuza mimi ninayefagia makombo?"

Baba wa kijana akataka kujua kitabu chenyewe kilikuwa kitabu gani. Nikamweleza. Akauliza yule wa pili alijiteteaje. Nikamweleza na hilo, na la mtawa na miwani nikalitia, naye akapiga paja, akacheka, akamwambia jamaa yao, "Wasikia? Kichwa kidogo zaidi!" Nikaona mambo yametengemaa. Halua ikapitishwa.

Lakini ami alikuwa mtu wa kazi. Aliweka sahani yake chini.

"Mimi nakuamini," akasema. "Wallahi nakuamini. Lakini watu je? Harusini watakuja watu wa Ilford na wa Mombasa, kila mmoja ana mdomo. Kijana wetu ataitwa mkwe wa Mbudha. Si kazi ya mshahara hii, Maalim. Si hupati kitu? Basi iwache. Sema leo, mbele yetu, kuwa huendi tena, tumalize maneno."

Nilitazama mlango wa jiko. Nikakumbuka mtoto anayeimba huku anaosha vyombo. Nikafikiria na boksi nililokuwa nimelifungua katikati, na barua zilizokuwa bado na pini zake. Nilisikitika, sitasema uongo, nilisikitika sana. Lakini mzazi hapimi mambo hayo kwa muda mrefu.

"Nimeiwacha," nikasema. "Huo ndio mwisho. Siendi tena."

"Mashallah," akasema ami.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mke wangu alitoka na mtandio wake na birika la chai mkononi, na sote tukadhani anakuja kuongeza chai. Hakuongeza.

"Mtaniwia radhi, wazee," akasema. "Najua haya ni mazungumzo ya wanaume. Lakini hatoiwacha."

Nikamkonyeza anyamaze. Hakunitazama.

"Shemeji, hicho kiti ulichokalia," akamwambia ami, "mume wangu alipostaafu alikaa hapo. Asubuhi yuko hapo, jioni yuko hapo, anatizama nje. Nikimsemesha, naam. Nikimpikia, anasema tosha hajala. Mtu aliyekuwa akinichosha kwa hadithi, hadithi zimemkauka. Mimi kazi yangu ni kuwatunza wazee, nimewaona wanavyoanza. Nilijua anaanza. Nikampeleka huko kwa nguvu, akanuna, akaona nimemchoka." Sauti ikamtetemeka, na birika nalo. "Sikumchoka. Niliogopa atanifia papo hapo kitini. Sasa akirudi nyumbani anaanza kunihadithia toka mlangoni, koti hajavua. Mimi mume wangu nimerudishiwa. Binti yangu nampenda, na kijana wenu nampenda, lakini kwa sharti hilo, mtatusamehe, kuleni visheti mwende kwa salama."

Nyuma yake alisimama binti yangu. Alimshika mama yake mkono, akalichukua lile birika lisije likamwagika. Alikuwa analia, lakini alisimama upande wa mama yake, akamtazama ami bila kuinamisha uso. Nami nilikaa pale kama niliyepigwa kofi. Miezi yote ile nilikuwa nimembebea mke wangu kinyongo, eti kanifukuza nyumbani.

Ami alijisogeza kwenye kile kiti kama kimeanza kumchoma. Baba wa kijana akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, hana haraka.

"Mke wangu mimi," akasema hatimaye, "nilipowacha basi, aliniambia nikaoshe magari ya majirani. Nikamkasirikia mwaka mzima." Akamgeukia mdogo wake. "Wewe nyamaza sasa." Kisha akanigeukia mimi, akainua viganja. "Maalim, sisi tumekuja kuposa. Tuongoze Fatiha."

Nikainua mikono. Nikaanza vizuri, kwa sauti yangu ya darasani. Fatiha naisoma tangu sijaota meno ya pili, ningeweza kuisoma hata usingizini. Nikafika katikati, nikamwona mke wangu pale mlangoni anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na sauti ikakatika. Nikajaribu tena. Haikutoka. Watu watatu mikono juu, wananingoja niendelee.

Ami akageuza uso polepole, akanitazama juu ya miwani yake. Nilijua barabara anachokiwaza, kwamba Mbudha huyu Fatiha imempotea, na sikuwa na sauti ya kumjibu.